Kompyuta Iliyowekewa Bomba la Moshi

Watu wa mtaa walicheka sana, na wacha nianze na hao kwa sababu mpaka leo wananiudhi. Mtu akipita barabarani na kuona bomba la bati limechomoza juu ya paa la sebule ya Mzee Jotham, anauliza kama mzee ameanza kupikia sebuleni. Akiambiwa ni bomba la kompyuta, anashika mbavu. Hata mchungaji wetu alicheka, na kazi yake ni kuhurumia watu. Mimi sikucheka. Haya, nilicheka mara moja, siku ya kwanza, lakini nilikuwa sijaelewa.

Mimi ni Kabura, Mama Lorraine. Mume wangu Nderitu na mimi tunafuga ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Kitale, na shamba letu limepakana na la Mzee Jotham Wanyonyi. Katikati kuna ua wa michongoma. Mkewe, Nasambu, ndiye aliyeutoboa kwa panga mwaka walipohamia, akaniambia hana nguvu za kuzunguka mpaka barabarani kila akitaka chumvi. Tulipita kwenye lile tundu miaka yote, mimi Mkikuyu, yeye Mbukusu, na hatukuwahi kukosana isipokuwa juu ya kuku.

Jotham ni mtu wa Malakisi, kule Bungoma. Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Kazi yake ilikuwa joto. Alikuwa anashinda akizunguka banda, anachungulia kipimajoto, anaongeza kuni, anapunguza kuni, kwa sababu jani la tumbaku likipata joto kidogo linaoza na likipata joto jingi linaungua. Alipostaafu wakanunua shamba huku kwetu wapande mahindi. Ni mtu wa maneno machache. Nasambu ndiye alikuwa anaongea kwa niaba ya nyumba yote.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Ian. Alikwenda Amerika kusoma, masomo yakaishia njiani, akapata kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Yaani anawaosha wazee wa wenyewe, anawalisha, anawageuza kitandani. Nasemaga hivi bila kumung'unya maneno: hiyo kazi inanichoma roho nikimfikiria Jotham akijipikia ugali peke yake. Lakini Nderitu ananiambia nyamaza, kijana anatafuta maisha, na pengine ni kweli.

Nasambu alikufa mwaka wa elfu mbili na nane, watu wakiwa ndio wanamaliza kupanda. Ian hakuja kumzika. Karatasi zake za huko hazikuwa zimekaa sawa, angetoka asingerudi tena. Tulimpeleka Nasambu Malakisi, nami nikaenda, na nikaona jinsi wanavyofanya. Kabla jeneza halijashushwa, mtu aliyekuwa na mgonjwa anasimama mbele ya watu na kueleza ugonjwa ulivyoanza, ulivyotembea na ulivyomaliza. Haruki kitu. Alikohoa siku gani, alikataa chakula gani, alisema nini. Jotham alieleza, na kila alipofika mahali mimi nilikuwepo, aliniangalia, nami nikasema, "Ni kweli." Maana mimi ndiye niliyekuwa nimemshika Nasambu alipokata roho. Alifia mikononi mwangu, kwenye kitanda chake, tukingoja gari.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Jotham anasema kwao, mtoto ambaye hakuwepo lazima aelezwe hayo yote na baba yake. Tena aelezwe kwa kikao kimoja, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Yakikatika katikati, mnaanza upya. Sijui kama ni Wabukusu wote au ni ukoo wake tu, mimi si wa kwao. Lakini alilishikilia hilo jambo kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe mkali.

Na kulikuwa na sababu. Mwisho wa ule ugonjwa kulikuwa na neno. Nasambu, sauti ikiwa imeshakwisha, aliuliza, "Ian amefika?" Mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia yuko njiani. Akatabasamu, alijua naongopa. Akasema, "Mwambieni asijilaumu. Ni mimi nilimwambia aende." Halafu akanyamaza, na hakusema tena. Hilo ndilo neno Jotham alitaka limfikie mtoto wake. Tangu mazishi Ian alikuwa amebadilika. Kwenye simu alikuwa anasalimia, anauliza mahindi, anasema yuko sawa, anakata. Hakuwahi kumtaja mama yake hata kwa bahati mbaya.

Mimi nilimwambia Jotham zamani, "Baba Ian, si umpigie tu umwambie hilo neno likwishe? Mbona mnapenda kuzunguka?"

Akanijibu pole pole, "Mama Lorraine, nikimpa mwisho bila kumpitisha njia, ataona ni maneno ya kumbembeleza. Atasema, Baba anatunga."

Nikachukua mtungi wangu nikarudi kwangu.

Mwaka uliofuata Ian akaona njia. Alikuwa amesoma na kijana anaitwa Kibe, fundi wa kompyuta pale mjini Kitale. Akamtuma amletee baba yake kompyuta ya mezani, ile iliyokwishatumika maofisini, na kile kidude cha kuchomeka cha intaneti, na spika za kuvaa masikioni zenye kijiti cha kusemea. Kwa hiyo njia wangeweza kuongea hata saa nzima bila kuhesabu kadi za simu. Kibe alimfundisha mzee: ukiona jina la Ian lina kidoti cha kijani, yuko. Bonyeza hapa. Ngoja. Ongea.

Nafasi yao ya kuongea ilikuwa moja tu. Ian alikuwa anatoka zamu ya usiku asubuhi ya huko, na huku kwetu inakuwa alasiri. Siku ilikuwa Jumapili. Sasa nawe piga picha: Februari, Kitale, alasiri, sebule ya mabati isiyo na dari. Ukiingia mle ndani unahisi mtu amekufunika blanketi. Na kompyuta yenyewe Kibe alisema ni ya kile kizazi cha moto, hata ukiiweka kwenye barafu inatoa jasho.

Jumapili ya kwanza Jotham alivaa koti. Aliniita nije nikae kando, kwa sababu maelezo yanataka shahidi. Akapiga. Ian akaitika, sauti yake ikivuja kwenye zile spika za masikioni kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Wakaanza kusalimiana, na Wabukusu wakianza salamu, aki, unaweza kwenda kukamua na kurudi. Ng'ombe, shamba, shangazi wa Ndalu, mguu wa fulani. Halafu Jotham akakohoa na kuanza: "Ian, mama yako aliniambia anahisi baridi. Ilikuwa mchana, jua limewaka, na akaniomba sweta."

Pap! Kioo kikawa cheusi. Lile sanduku la kompyuta likanyamaza, na ukiligusa ubavuni unatoa mkono haraka.

Tukangoja ipoe, tukawasha, Ian alikuwa ameshaenda kulala. Zamu ya usiku si mchezo. Jotham akakunja waya za spika polepole, akaniambia asante kwa kuja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumapili baada ya Jumapili. Mzee hakutaka kufupisha salamu, na hakutaka kuendelea pale alipokatizwa. Kila mara anaanza kwenye sweta. Nilisikia habari za hiyo sweta mpaka nikawa naiota. Na nilianza kuona anavyongoja Jumapili. Jumatatu yuko kimya, Jumanne yuko kimya, Ijumaa anaanza kufagia sebule, Jumamosi ananyoa ndevu. Jumapili jioni ukipita kwenye tundu la ua unamkuta ameketi mbele ya kioo cheusi, mikono magotini. Nilikuwa namwachia maziwa mezani na kuondoka, kwa sababu sikujua nikae au niende.

Lakini si mtu wa kukata tamaa, huyo. Kwanza alifungua ubavu wa sanduku akaliacha wazi, akaliwekea feni ya mezani mbele. Ilisaidia kidogo. Lakini ilikuwa wakati wa kupukuchua mahindi kwa jirani wa juu, na ile feni ikapuliza makapi yote ya mtaa ndani ya mashine. Kibe alipokuja kuisafisha alitoa vumbi la kutosha kupanda sukuma wiki. Akabadilisha kile kijifeni cha ndani. "Mzee," akasema, "mashine haina shida. Shida ni sebule yako. Hii ni oveni."

Basi Jotham akapanda juu ya paa na kulifunika kwa nyasi, kama nyumba ya zamani iliyovaa kofia. Mbuzi wa watu wakawa wanapanda juu ya choo ili wafikie zile nyasi. Akatundika magunia yaliyolowa dirishani. Akafika mahali pa kuegemeza chupa za maji ya kisima kwenye sanduku, pande zote, mpaka ile kompyuta ikawa inafanana na mgonjwa wa homa. Kwa kila dawa alipata muda kidogo zaidi. Jumapili moja alivuka sweta akafika kwenye uji ambao Nasambu alikataa kunywa, nami nikasema "Ni kweli," na Ian kule akasema "Ndiyo, Baba." Halafu pap.

Hapo ndipo mume wangu akajitia ubingwa. Nderitu ana stoo ya maziwa aliyoijenga mwenyewe, na anaipenda kuliko nyumba yetu. Kuta zake ni waya mara mbili, na katikati ya waya kumejazwa makaa. Juu kuna mpira uliotobolewa, maji yanadondoka kidogo kidogo kwenye makaa, upepo unapita, na ndani kunakuwa baridi kweli kweli. Maziwa ya jioni yanalala humo na asubuhi hayajachacha.

"Leteni hiyo kompyuta hapa," Nderitu akasema, kifua mbele. "Kama inatunza maziwa, kompyuta ni nini?"

Tukavuta waya wa stima kutoka nyumbani. Tukaweka meza kati ya mitungi. Jumapili hiyo, haki ya Mungu, mashine haikuzima. Jotham alifika kwenye sweta, akapita uji, akapita siku ya hospitali, dawa walizompa, usiku aliokataa kulala chali. Nilikuwa natetemeka na shuka begani kwa ile baridi, nasema "Ni kweli, ni kweli." Tulikuwa tumekaribia. Stima ikapotea. Mtaa mzima. Ule ulikuwa mwaka wa mgao wa stima, na siku hiyo walitugawia sisi giza.

"Si kitu," Jotham akasema. Mara ya kwanza kumwona akicheka tangu azike mke. "Jumapili ijayo nitafika. Dawa tumeipata."

Wiki nzima mashine ikabaki humo kati ya maziwa. Jumapili ikakataa kuwaka. Ilitoa harufu kama sarafu iliyoshikwa na mkono wa jasho, basi. Kibe alipoifungua akatuinulia macho. Vyuma vya ndani vilikuwa vimeota kutu, na matone yamekaa kwenye vile vibao vya kijani.

"Mliiweka wapi hii? Kisimani?"

Nderitu akajibu kwa hasira, "Maziwa hayajawahi kulalamika!"

Nilitamani kumpiga na mtungi. Ni sisi tu, watu wa maziwa, tungeweza kufikiri kwamba baridi ni baridi. Baridi ya ile stoo ni ya maji, imelowa, na kompyuta na unyevu ni kama paka na bafu. Kibe aliichukua akaenda nayo mjini, akasema atajaribu, lakini haahidi.

Kipindi hicho ndicho kilinitia uchungu zaidi. Mashine haipo, lakini Jumapili ilipofika nilimkuta Jotham ameketi mahali pake pale pale, amevaa koti, amevaa zile spika masikioni. Waya unaning'inia, haujachomekwa popote. Nikamwuliza, "Baba Ian, unasikiliza nini?"

"Hakuna," akasema. "Nazoea tu."

Nilirudi kwangu nikalia jikoni, na nikamwambia Lorraine ni kitunguu.

Halafu Jotham akaenda Malakisi kulisafisha kaburi la mkewe, maana nyasi zilikuwa zimelipanda. Akalala kwa Festus, rafiki yake waliyefanya naye kazi kwenye tumbaku. Akarudi na bomba refu la bati begani, limeshika masizi na kutu, lile lililokuwa linapitisha moto kwenye banda lao la zamani. Banda lenyewe sasa linafugiwa mbuzi. Alilibeba bomba hilo tangu Malakisi mpaka Bungoma mjini mpaka Kitale, watu wakimkwepa stendi asiwapake masizi, na alipolishusha uani kwake aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Mama Lorraine! Njoo!"

Nikapita kwenye tundu mbio nikidhani kuna nyoka.

"Nilisimama ndani ya lile banda," akasema, "nikakumbuka kitu. Miaka yote pale, kosa kubwa lilikuwa kuacha tundu la chini na tundu la juu wazi pamoja. Ukisahau hivyo, joto lote linapanda linatoka juu, baridi inaingia chini, banda linapoa na tumbaku inaharibika. Festus aliwahi kusahau. Tulimsema mwezi mzima."

"Haya, sasa?"

"Sasa nataka kufanya lile kosa la Festus. Nilifanye makusudi."

Hapo ndipo nilipocheka. Naye akacheka. Wacha tucheke, tulikuwa na muda hatujacheka.

Kibe aliirudisha mashine, ameibadilisha nusu ya matumbo. Jotham akaijengea nyumba ndogo ya mbao pembeni mwa sebule, upande usiopigwa na jua. Chini akaiweka juu ya matofali. Akatoboa ukuta karibu na sakafu, kule nyuma kwenye kivuli cha migomba, hewa iingilie hapo, na tundu akaliziba kwa neti ya mbu iliyokunjwa ili vumbi lisiingie. Juu ya ile nyumba ndogo akasimamisha bomba la Malakisi mpaka likatoboa paa. Jua likilipiga lile bomba huko nje, hewa ya ndani yake inapata moto, inapanda yenyewe, na inaivuta ile ya kivulini ipite kwenye mashine. Hakuna maji, hakuna feni. Ukiweka mkono chini kwenye neti unahisi upepo unaingia, mkavu, wa baridi. Nderitu alikuja, akaweka mkono, akaenda zake kukamua.

Jumamosi Jotham aliiwasha asubuhi akaiacha mpaka jioni. Haikuzima. Alikuwa anakuja kwenye ua kila mara kuniambia, "Bado inawaka." Niko na kazi zangu, yeye, "Bado inawaka, Mama Lorraine." Jioni akaja mara ya mwisho na kusema, "Kesho mtoto wangu atasikia." Macho yake yalikuwa mekundu, na hakukuwa na moshi.

Jumapili nilivaa nguo ya kanisani na sikuivua. Stima ilikuwepo. Kidoti cha Ian kikawa kijani. Jotham akachomoa waya wa masikioni, akaacha ule wa kijiti cha kusemea, sauti ikatoka kwenye spika ndogo za mezani alizoleta Kibe ili na mimi nisikie vizuri. Wakasalimiana. Ng'ombe, mahindi, shangazi wa Ndalu.

"Baba," Ian akauliza, "mashine haijapata moto?"

"Iko baridi," Jotham akasema. Sauti ilijaa fahari. "Leo hata tukikaa mpaka usiku. Nimeitengenezea. Nitakueleza. Lakini kwanza keti, mwanangu."

"Nimeketi, Baba."

"Mama Lorraine yuko hapa. Yeye ndiye aliyemshika mama yako."

"Shikamoo, Mama Lorraine."

"Marahaba, Ian," nikasema, nikasogeza kiti karibu.

Jotham akaanza. Sweta. Uji. Hospitali. Aliongea kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, akichanganya, bila haraka, mikono magotini. Kila mahali pangu nilisema ni kweli. Mwanzoni Ian alikuwa anajibu, "Ndiyo, Baba." Baadaye akawa anasema "Mmh." Baadaye nikawa nasikia pumzi tu. Nilisikia hata gari likipita huko kwao. Jotham akafika usiku aliokataa kulala chali, akapita pale stima ilipotupotea, akafika asubuhi ile tulipotuma mtu akatafute gari. Hatukuwahi kufika huko.

"Akawa hawezi kukaa mwenyewe," Jotham akasema. "Mama Lorraine akamwinua, akamwegemeza kifuani."

"Ni kweli, Ian."

"Mimi nikakaa miguuni. Miguu yake ilikuwa baridi. Akafumbua macho akaangalia mlango. Akauliza, Ian amefika?"

Kule hakukuwa na sauti. Halafu kulikuwa na kitu, kama mtu aliyemeza vibaya. Halafu kompyuta ikatoa ule mlio wake mdogo wa simu kukatika.

Niliruka kwenye kiti. "Imezima! Woi, imezima tena!"

Haikuwa imezima. Kioo kilikuwa kinawaka vizuri kabisa, picha ya maua aliyoweka Kibe iko pale pale. Niliinama nikatia mkono kwenye nyumba ndogo, nikagusa sanduku, lilikuwa baridi. Upepo unaingia chini, unapanda. Stima ipo. Mtandao upo. Jina la Ian lilikuwa pale na kidoti chake cha kijani.

Jotham hakusogea. Alikuwa anakiangalia kile kidoti.

Maneno yakatokea chini ya kioo, Ian ameandika: "Baba naona mashine imepata moto tena. Iache ipoe. Tutaongea Jumapili."

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka. "Ni yeye amekata! Baba Ian, ni mwenyewe amekata! Mwandikie! Mwandikie sasa hivi lile neno, mwandikie mama yake alisema asijilaumu. Yuko hapo, anasoma. Neno moja tu, jamani! Lilibaki neno moja!"

"Najua lilibaki neno moja."

"Basi mwandikie!"

"Analia, Mama Lorraine," akasema. "Hataki nimsikie akilia. Nikimwambia najua amekata, Jumapili atapata wapi uso wa kunipigia?"

Akavuta kibodi karibu. Mzee anaandika kwa kidole kimoja, anatafuta kila herufi kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Nilisimama nyuma yake, sikuweza kuondoka. Akaandika: "Ndiyo. Imepata moto. Lala, mwanangu."

Akaituma. Kompyuta iliyozima haiandiki barua, hata mimi wa maziwa najua hilo, na Ian aliyeishi na kompyuta tangu aende Amerika alijua zaidi yangu. Kidoti kikakaa kijani. Hakujibu, na hakuondoka. Walikaa hivyo, baba huku na mtoto kule, kila mmoja anajua mwenzake yupo.

Halafu Jotham akainama, akapitisha mkono kwenye ile nyumba ndogo aliyoijenga, akatafuta swichi, akaizima mwenyewe, kama iliyopata moto kweli.